Gramu Mia Mbili za Tumbaku ya Baba

4 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Kuna jambo nimekuficha kwa miaka thelathini na moja, na sitaki kufa nalo. Nimeliweka katika sentensi ya kwanza kabisa ili nisipate pa kukimbilia, maana ninajijua. Sasa salamu.

Mimi ni mzima kadiri mtu wa miaka themanini na mbili anavyoweza kuwa mzima. Magoti yamegoma, masikio yamegoma, na moyo, kwa maneno ya daktari, unafanya kazi kwa mazoea tu. Nilimwuliza nimebakiwa na muda gani. Akatazama dirishani. Nikamwambia, "Daktari, nimekaa kaunta ya forodha uwanja wa ndege miaka thelathini na minne. Mtu akitazama dirishani najua kuna kitu ndani ya sanduku." Akacheka, akasema tuhesabu miezi, tusihesabu miaka. Usilie. Nimekwisha kulia mimi kwa niaba ya ukoo mzima, dakika kumi, kisha nikaoga nikala.

Wifi yako hajambo na ukali wake uko palepale. Ameficha sukari, ameficha chumvi, na juzi nilimshutumu kwamba ameficha na miwani yangu, kumbe nilikuwa nimeivaa. Binti yetu wa mwisho, yule fundi, amehamishia cherehani yake sebuleni kwetu ili anichunge. Wateja wanapimwa viuno mbele yangu na mimi nafumba macho kwa adabu. Simu usipige. Siisikii, na binti akikaa katikati anatafsiri anavyotaka yeye.

Nina ombi. Ukija Julai kama ulivyoahidi, niletee kopo moja la tumbaku ya kiko, ileile uliyomletea Baba mwaka ule. Kuvuta siwezi, hata kupuliza mshumaa siwezi. Nataka kuinusa tu. Ile harufu ya asali na ngozi mpya, halafu kwa mbali mbao iliyotoka kurandwa. Nifungue kopo, ninuse, nifunge, basi.

Na safari hii ulale hapa kwetu. Chumba cha nyuma kipo, kitanda kipo. Mambo ya nyumba ya wageni tumeyachoka.

Sasa lile jambo. Binti amesimama mlangoni na viatu miguuni, anasema posta inafunga saa kumi na yeye hapandi kilima mara mbili kwa ajili ya barua moja. Basi acha nifunge.

Kaka yako


27 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Wifi yangu namsalimu sana na ninamwunga mkono kwenye sukari na chumvi. Shemeji yako mzima. Amenunua baiskeli ile ya mazoezi isiyokwenda popote, anaitundikia suruali. Mjukuu wetu ameanza kutembea na kila anapoanguka anatulaumu sisi. Mimi bado naenda duka la dawa siku mbili kwa wiki ingawa nilistaafu. Vijana wamesoma kuliko mimi, lakini mwandiko wa madaktari unawashinda.

Habari za daktari wako nilizisoma jikoni nikiwa nimesimama, na nilivunja amri yako. Nililia. Kisha nikasoma ile ya miwani nikacheka huku ninalia, mjukuu akanitazama kama mwehu.

Lakini kaka, hebu tuelewane. Unaandika "sitaki kufa nalo," halafu unamalizia na saa za kufunga posta? Nimegeuza karatasi mara tatu. Nimechungulia mpaka ndani ya bahasha.

Na tumbaku! Mimi? Nipande ndege na tumbaku? Umesahau, au umri umekufutia? Nikukumbushe basi. Nilitoka huku nimebeba makopo mawili ya tumbaku ya kiko kwa ajili ya Baba, gramu mia moja kila kopo. Nilikuwa nimesoma sheria yenu kabla ya kusafiri: abiria mmoja, gramu mia mbili na hamsini. Nilifika kaunta, nikamkuta nani? Kaka yangu wa tumbo moja, amevaa kofia, ananiita "abiria." Ukaweka makopo kwenye mizani, ukatangaza gramu mia tatu na arobaini, umma mzima ukisikia. Nikakwambia pale pale, "Pima tumbaku, usipime kopo." Ukasema, "Abiria, tafadhali usinifundishe kazi." Ukayachukua, ukaniandika kwenye kitabu cha makosa. Nikatoka nje mikono mitupu, Baba amesimama kwenye kizuizi na kiko chake tayari mkononi.

Tangu siku hiyo wanao wananiita Shangazi Magendo. Tangu siku hiyo nimekuja nyumbani mara nne na sanduku langu halijabeba hata peremende ya zawadi, nanyi mkaniongezea jina la pili, mkono wa birika. Na ndiyo, ninalala nyumba ya wageni. Huwa nasema ni kwa sababu ya mgongo. Wewe unajua si mgongo.

Kama unataka tumbaku, niandikie sheria zote kwa mkono wako, uweke na sahihi. Nikikamatwa tena nitaonyesha barua.

Mdogo wako


25 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa njiani wiki tatu na siku mbili, ikafika imelowa pembe moja, lakini ukali wake haukulowa. Wifi yako anakusalimu. Nilipomsomea habari ya baiskeli ya shemeji alicheka mpaka akakaa chini, akasema wanaume wote ni kabati za nguo. Binti ameshona gauni la harusi la mteja mwenye haraka. Kwa siku nne nimekula na kusinzia katikati ya kitambaa cheupe kama maiti aliyewahishwa. Nilipomwambia hivyo, akanitupia mto.

Umetaka sheria. Hapo umenigusa panapowasha. Nimemtuma binti akachapishe zilizopo sasa, maana za enzi zangu zimezeeka kama mimi, na nimezisoma kwa raha kuliko gazeti.

Kwanza, kiasi. Kila nchi ina chake, na wengine siku hizi wamekipunguza sana, kwa hiyo angalia ya kwetu, na kama ndege inatua mahali ukatoka nje, angalia na ya huko pia. Wapo wanaohesabu sigara kwa vipande, na tumbaku ya kiko au ya kusokota kwa gramu. Ukichukua sigara kiasi kamili, basi tumbaku hupati. Huwezi kujaza mabakuli yote mawili. Kopo lako moja la gramu hamsini halifiki popote karibu na mpaka. Lakini usinunue la mia kwa kunionea huruma.

Pili, kiasi ni cha kila mtu mzima peke yake. Hakuna jumla ya familia. Nilipata bwana mmoja mwenye sigara za kutosha kijiji, akanionyesha mke, mama mkwe na mapacha wachanga. "Tugawe kwa watano," akasema. Nikamwuliza wale mapacha wanavuta aina gani.

Tatu, tumbaku yenyewe iweke popote, mkononi au kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Ushauri wangu ni mkononi. Liache katika kopo lake la kiwandani, utepe haujakatwa. Usiihamishe. Tulikuwa na bibi mmoja aliyetia ugoro wake ndani ya kopo la poda ili usimwagike. Mwenzangu akafungua, akapeleka pua karibu kwa heshima zote. Kaunta nzima ilipiga chafya robo saa. Abiria waliokuwa na magendo ya kweli siku hiyo walipita kwa amani.

Nne, moto. Kiberiti cha gesi ni kimoja tu, nacho kikae mwilini mwako, mfukoni, si kwenye sanduku. Cha njiti vilevile, kasha moja dogo. Mafuta ya kujazia kiberiti usiyabebe kabisa. Zile sigara za betri nazo ni mkononi tu, haziruhusiwi sanduku la chini, kwa sababu betri ikiwaka huko hakuna wa kuizima. Wewe huvuti, lakini nakwambia kwa sababu najua shemeji ana tabia ya kukutumbukizia vitu vyake. Na kampuni yako ya ndege iulize, maana nyingine zina masharti zaidi ya haya.

Tano, ukifika utaona milango miwili. Wa kijani ni wa asiye na cha kusema. Mwekundu ni wa mwenye cha kusema. Ukiwa na shaka pita mwekundu, uulize. Katika miaka thelathini na minne sikumwandikia kosa hata mtu mmoja aliyepita mwekundu kwa hiari yake.

Isipokuwa wewe. Wewe ulipita mwekundu. Nimelikumbuka hilo kalamu ikiwa hewani.

Basi, nikiri. Sheria ilisema uzito wa tumbaku. Haikusema kopo. Kila kopo tupu lilikuwa na gramu sabini, na wewe ulikuwa ndani ya sheria ukiwa umebakiza gramu hamsini. Ulisema kweli, na mimi ndiye niliyekosea. Niliposhtuka ilikuwa imeshaandikwa. Na hadithi ikanipanda kichwani, maana kazini walinisifu: "Huyu alimkamata hata dada yake!" Siku ya kustaafu mkuu aliirudia kwenye hotuba, nikapigiwa makofi, nikapewa saa ya ukutani. Inachelewa dakika saba tangu walipoitundika.

Nisamehe. Sasa nimeshusha mzigo. Wanangu nimewaambia wasikuite Magendo tena. Binti amesema tumechelewa, hata cherehani inalijua.

Kaka yako (sahihi hiyo hapo, na mhuri ningeweka kama ningekuwa nao)


20 Aprili

Kaka yangu,

Shikamoo. Sisi wazima. Shemeji yako amekasirika kuitwa kabati, kisha akaenda kuondoa suruali kwenye baiskeli, akapanda, akaendesha dakika mbili, akashuka na kutangaza kwamba afya imerudi. Mjukuu amejua neno moja, nalo ni "hapana." Tunaishi naye kama na bosi.

Barua yako ya sheria nimeisoma mezani kwa sauti, mbele ya wote. Pale kwenye ugoro shemeji yako alipaliwa na chai. Kisha nikafika kwenye kopo na gramu sabini, nikainuka, nikaimalizia jikoni peke yangu. Asante. Nimesubiri miaka thelathini na moja kusikia "ulisema kweli." Nimeikata ile sentensi kwa mkasi nikaibandika mlangoni mwa friji. Samahani kama nimeharibu barua.

Lakini kaka, mimi nimepima dawa maisha yangu yote. Mambo ya kopo niliyajua tangu nimesimama pale. Hilo si jambo ulilonificha, maana sikufichwa. Nilikwambia mwenyewe kwa mdomo wangu! Kwa hiyo umenikiria kitu ninachokijua, ukajipigia makofi, ukasema umeshusha mzigo. Bado hujashusha, Bwana Mizani. Umeuhamisha bega tu.

Na nikwambie kilichoniuma. Magendo halikuniuma, mwaka wa pili nilikuwa nimelizoea, wa tatu nikaanza kulipenda. Kilichoniuma ni Baba. Alisimama kwenye kizuizi na kiko mkononi. Nilikaa nanyi wiki tatu, nikaondoka, na baada ya miezi minane akafa. Kitu pekee alichowahi kuniomba maishani kilikuwa tumbaku, nayo ikachomwa kwenye pipa nyuma ya ofisi yako. Kitabu kilisema "imeteketezwa." Nilikiona kwa macho yangu wiki iliyofuata, nilipokuja kubembeleza nirudishiwe. Kila nikiwaza kulala nyumbani kwako ninaona lile pipa. Ndiyo maana mgongo unauma.

Sasa nijibu hili. Nimerudi kwenye barua yako ya Februari. Umeandika asali, ngozi mpya, na mbao iliyotoka kurandwa. Ni kweli, inanukia hivyo hasa. Lakini makopo yale yalikuwa na utepe wa kiwandani, na mimi sikuyafungua kamwe, wala wewe hukuyafungua mbele yangu. Tumbaku ile haikuwahi kuuzwa huko kwetu.

Umeijuaje harufu yake, kaka?

Mdogo wako


16 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, marahaba. Huku tuna mvua nyepesi na mbu wazito. Wifi yako ameamua chumba chako kipakwe rangi kabla ya Julai. Yeye alitaka rangi ya maziwa, binti akataka bluu. Wakabishana siku mbili bila kunishirikisha, mimi mwenye nyumba. Matokeo yake kuta mbili ni maziwa na kuta mbili ni bluu, na kila mmoja anadai ameshinda. Binti ameshona mapazia kutoka mabaki ya gauni la harusi. Ukilala humo utaamka umeolewa upya.

Nilikwenda kliniki Jumanne. Nesi akanipandisha kwenye mizani, akaandika kilo hamsini na moja. Nikamwambia, "Binti yangu, umepima na viatu." Akasema viatu si kitu, mzee. Nikavivua, nikapanda tena nikiwa ninatetemeka, nikamfanya aandike hamsini kamili. Foleni ilininunia. Unaona kwamba nimejifunza, ingawa nimejifunza nikiwa nimebaki kilo hamsini.

Daktari ameongeza vidonge viwili, vya manjano. Ninapochoka ninakaa dirishani na kumsikiliza binti akiendesha cherehani. Sisikii mlio, ila sakafu inatetema kwenye nyayo zangu, na hiyo inatosha.

Swali lako nimeliona. Ni swali zuri. Ungekuwa forodha tungekuwa tumekwisha, wote.

Mkono umechoka leo.

Kaka yako


8 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Shemeji yako na mjukuu wanakusalimu. Mjukuu amesema hapana, lakini alipunga mkono.

Tiketi nimekata. Nafika tarehe kumi na tisa Julai, mchana. Tumbaku nimenunua, kopo moja, gramu hamsini, utepe haujaguswa, imo kwenye mkoba wangu wa mkononi pamoja na barua yako yenye sahihi. Shemeji nimempekua mara mbili, hana alichonitumbukizia.

Nyumba ya wageni nimeweka nafasi.

Kaka, huu si mtego. Nitakuja hata usipojibu. Nitakuletea kopo lako, nitakaa nawe mchana kutwa, tutacheka, nitamsaidia wifi kuficha sukari. Kisha jioni nitachukua mkoba wangu nikalale kwingine, kama mgeni, na utakapoondoka utakuwa umeniaga kama mgeni. Au uniandikie, nifute nafasi, nije nilale kwenye chumba chenye rangi mbili. Posta ni wiki tatu, kwa hiyo hii naituma kwa haraka ya kulipia zaidi. Ukijibu kwa haraka hiyohiyo ndani ya Juni itanikuta.

Usiniandikie kwa kunihurumia, wala usiogope. Nina miaka sabini na mbili. Umri wa kususa umenipita. Mimi nataka kujua tu pipa lile lilichoma nini.

Mdogo wako


27 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Wifi yako mzima, binti mzima, mimi ninaandika nikiwa kitandani, na ubao wa kukatia nguo umewekwa juu ya magoti yangu kama meza. Mvua imekoma. Mapazia yamekwisha kutundikwa. Leo binti anaipeleka barua kwa haraka ya kulipia zaidi, na nimemwambia nikimwita arudi asigeuke.

Lile pipa halikuchoma kitu chako.

Nikupe yote kwa mpangilio kama ripoti ya zamu, maana nikianza kupamba nitakata kona.

Unakumbuka kwamba Baba alikuwa akivuta yale majani makali ya sokoni. Nilikuwa nikimpelekea mimi, kila Jumamosi, kifurushi kimoja, kwa miaka kumi na saba. Alikuwa akikipokea na kukiweka mezani. Hakuwahi kusema neno, wala mimi sikulitaka, nilidhani. Kisha ukaandika kwamba unakuja na tumbaku ya kiko. Mdogo wangu, yule mzee alinunua kalenda! Akaitundika juu ya kiti chake, akawa anafuta siku kwa penseli. Kila Jumamosi nikifika na kifurushi changu ananionyesha kalenda. "Bado kumi na mbili." "Bado tano. Dadako analeta tumbaku ya maana." Nami nimeshika ile isiyo ya maana.

Siku uliyofika, mkuu wa zamu alikuwa amekwenda kunywa chai. Hakuna aliyenitazama, hakuna aliyenisukuma. Niliandika Machi kwamba niliposhtuka ilikuwa imeshaandikwa. Huo ulikuwa uongo. Nilijua habari ya kopo kabla sijaliweka kwenye mizani. Ndiyo kazi niliyokuwa nikiwafundisha wengine. Nilikuona umepita mwekundu, umechoka na safari, unacheka kwa sababu umeniona, na yale makopo umeyakumbatia. Nikamwona Baba kupitia kioo, amesimama na kiko. Wivu ukanipanda. Mtu wa miaka hamsini na mmoja, mwenye kofia.

Nikaandika "imeteketezwa," nikatia sahihi, nikayaweka makopo ndani ya mkoba wangu wa chakula. Nakuapia nilitaka kukurudishia. Siku ya kwanza nikasema nitamrudishia kesho. Ulipokuja ofisini kubembeleza, yalikuwa kabatini nyuma yangu, hatua mbili. Ungenyoosha mkono ungeyagusa. Nikakuonyesha kitabu.

Ulipoondoka, nilikaa nayo wiki moja zaidi. Kisha Jumamosi moja nikakata utepe, nikamimina makopo yote mawili ndani ya kopo la zamani la majani ya chai, lenye picha ya tembo. Hapo ndipo nilipoijua harufu. Ilijaa chumba, ikaingia kwenye shati langu. Wifi yako akaniuliza nimetembelea kwa nani. Nikatoka nayo mpaka kwa Baba, nikamwambia, "Nimekuagizia kwa rubani mmoja."

Alifungua, akanusa, akafumba macho. Akajaza kiko polepole, akikandamiza kwa kidole gumba kama unavyomjua, akawasha. Akavuta mara tatu akinitazama kupitia moshi, nikadhani ameshanijua. Kisha akasema, "Nafikiri ile ya dadako ingekuwa kama hii." Nikasema, "Huenda, Baba."

Hakuivuta ovyo. Aliigawa, kiko kimoja Jumamosi na kimoja Jumapili, baada ya chakula cha mchana, kiti kikiwa kimeelekezwa dirishani. Majani ya sokoni akayakataa kabisa. Watu wakija aliwanusisha kopo na kuwanyima. Alicheka sana miezi ile; mimi sikuwahi kumwona Baba akicheka peke yake, na alikuwa akicheka peke yake ndani ya moshi. Jumapili ya mwisho, siku nne kabla hajafa, alipinda karatasi akakusanya vumbi la chini ya kopo, likatosha nusu ya kiko, akavuta mpaka mwisho, akaligeuza kopo kunionyesha kwamba ni tupu.

Kwa hiyo ilimfika. Gramu zote mia mbili. Hakuna hata chembe iliyokwenda kwenye pipa, na Baba yako alikufa akiwa ameivuta yote, na kuipenda kuliko kitu chochote alicholetewa na mtoto wake. Hilo ni lako, na nilipaswa kukupa wakati ule ule.

Na kila Jumamosi na kila Jumapili, kwa miezi saba, kabla ya kuwasha kiberiti, Baba alinigeukia mimi akasema, "Asante sana, mwanangu." Nami nikamjibu, "Asante kushukuru, Baba."